Walisema Analilia Jina

Nilifika Mdandu nikitokea Ludewa, ambako nilikaa msimu mzima nikisubiri kazi za makaa ya mawe Mchuchuma. Kila mtu kule alisema zinaanza mwezi ujao. Hazikuanza. Niliwalimia watu mahindi, nikauza koti langu, nikarudi. Mdogo wangu wa kike alikuwa amejifungua, na kwa kawaida ya upande wa mumewe alikuwa amepelekwa kijijini kwa mama mkwe wake akatunzwe uzazi. Mumewe alibaki Makambako, kwenye banda lake la kuziba pancha kando ya barabara kuu. Mimi nilikwenda kumwona mtoto na kula.

Kilio nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umelalia mashamba na miti ya miwati inadondosha maji. Kilikuwa kilio chembamba, cha juu, kisichopumzika, na nilipofika uani niliona hakuna hata mmoja aliyekuwa akishughulika na jambo jingine. Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mtoto mapajani.

"Kamwene, mjomba," aliniambia. "Umekuja mikono mitupu kama ulivyoondoka."

"Kamwene, Mama. Nimekuja na njaa."

"Hiyo huwa huisahau popote. Kaa. Huyu mpwa wako analilia jina."

Lazima nieleze. Kwetu, kabla mtu hajakimbilia dawa, mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza hutazamwa kwanza kama mgeni aliyefika na jambo lake na hana namna ya kulisema. Inasemwa kwamba yupo mtu wa ukoo anayetaka kuitwa tena, na mtoto atalia mpaka aitwe. Basi hujaribiwa majina. Mama mkwe alikuwa na utaratibu wake: ananawa mikono, anachovya kidole kwenye maji ya uvuguvugu, anamgusa mtoto midomo, anainama sikioni anataja jina, kisha anampa mama yake amnyonyeshe. Akinyonya akatulia, jina limepokelewa. Akigeuza uso, wanasubiri, wanajaribu jingine. Na kwa kuwa alikuwa mama wa kanisa, mwenye sare na kitambaa cha kichwani, alikataa katakata majina ya kimila. Alikubali ya kwenye Biblia tu.

"Tumempa wa tundu la simba, amekataa," alisema. "Tumempa mvuvi, amekataa. Yule aliyetapikwa na samaki ndiyo kabisa, akanitapikia mimi."

Nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa amekaa ndani ya jiko, nyuma ya moshi, matiti yamejaa maziwa mpaka blauzi imelowa, macho yamemwingia ndani.

"Kaka, ana joto," aliniambia taratibu. "Mshike."

Nilimshika paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Mtoto anayelia lazima apate joto," mama mkwe alisema. "Hata wewe ukipanda kilima unapata joto."

"Mama, mimi nilisema twende hospitali tangu juzi."

"Ulisema. Na mimi nilikujibu."

Jibu lake nililijua bila kuambiwa. Huyu alikuwa mtoto wa tatu wa mdogo wangu. Wawili wa mwanzo walizaliwa Makambako, wakapewa majina siku ileile, watu wakapigiwa simu, kuku wakachinjwa. Wote wawili waliugua, wote wawili mama mkwe aliwapeleka hospitali mbio, na wote wawili alirudi nao wamefungwa kwenye kanga. Hakuwalaumu madaktari. Alijilaumu kwa haraka ya kuwapa majina. Aliamini kwamba wajukuu wake waliitwa ovyo kabla ya kujulikana wanataka nini, wakakasirika wakaondoka. Wa tatu alikuwa ameapa kumsikiliza. Alikuwa akimsikiliza hivyo usiku na mchana.

Mchana alikuja jirani, mwinjilisti mstaafu, mzee aliyewahi kuniazima kamusi ya Biblia nilipokaa pale kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma yote, hata kurasa zilizoliwa na mchwa, nikijaza mwenyewe mashimo. Aliketi, akasikiliza kilio, akamwambia mama mkwe jambo ambalo uani pale kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulisema.

"Dada, kuna jina unaliruka."

"Siliruki. Nimelizika."

"Mwenye jina hujamzika. Hukuwahi kuona maiti."

Jina lilikuwa Obadia. Lilikuwa la mume wake. Miaka mingi nyuma, mtoto wao wa pekee, ambaye ndiye shemeji yangu, akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mwanamume yule alikwenda Makambako kupanda treni ya kuelekea Zambia. Alisema anatafuta kazi kwenye migodi ya shaba, atatuma ujumbe. Hakutuma. Mkewe aliwahi kwenda stesheni akakaa kwenye benchi mpaka mtu wa usafi akamwondoa. Tangu hapo hakulitaja jina hilo. Kanisani, siku neno linaposomwa kutoka kitabu kile kifupi cha Obadia, alikuwa anatoka nje kana kwamba anakwenda kujisaidia.

Mwinjilisti alipoondoka, mama mkwe alinigeukia mimi. Alikuwa akinidharau kwa kila kitu isipokuwa kusoma.

"Wewe unayesoma hata karatasi ya kufungia maandazi," alisema. "Hao akina Obadia wengine walikuwa watu gani? Na usinidanganye. Nataka kujua kama ni jina la watu wanaoondoka."

Mtoto alikuwa analia. Mdogo wangu alinitazama, na niliona anachotaka: kama jina litamtoa mama yule kwenye kigoda, basi lisemwe upesi, tujue moja. Nikaanza.

Nilimweleza kwanza yule aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme. Malkia alikuwa anawaua manabii, naye akawaficha mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji katika mwaka wa njaa, huku kila asubuhi akisimama mbele ya mfalme yuleyule kumpa salamu.

"Huyo alibaki?"

"Alibaki. Lakini alikuwa mwoga. Nabii alipomtuma apeleke habari kwa mfalme, alijitetea sana, akasema mfalme atamwua."

"Mwenye akili. Endelea."

Nikamweleza nabii mwenye ukurasa mmoja na ushei, ambaye baba yake hatajwi wala kijiji chake.

"Nabii asiye na kwao," alisema. "Haya."

Nikamweleza mmoja aliyesimamia maseremala na wabeba mizigo hekalu lilipokarabatiwa, na mwingine aliyelinda ghala kwenye malango ya mji. Wa malango alimpenda. Alirudia neno hilo, malango, akamhamisha mtoto kutoka goti moja kwenda jingine. Nikaona anaelekea kukubali, nikaharakisha: yuko Obadia aliyerudi kutoka uhamishoni akiwa kiongozi wa ndugu zake zaidi ya mia mbili.

"Alirudi?"

"Alirudi."

"Alikuwa amekwenda wapi?"

"Yeye pengine alizaliwa hukohuko. Waliochukuliwa ni babu zake."

"Basi hakurudi huyo. Alifika tu."

Nilikuwa na wengine, ambao si wa Biblia, niliowasoma kwenye simu ya mtu nilipokuwa nalinda mbao Makambako. Karne nyingi zilizopita kulikuwa na mtoto wa mtu mkubwa huko Italia ya kusini, Mkristo, aliyeingia dini ya Kiyahudi, akalichukua jina hilo, akahama kwao kwa hofu, akazunguka Mashariki mpaka Misri. Alikuwa akiandika nyimbo kwa alama, na karatasi zake zilikutwa baadaye sana katika stoo ya maandiko chakavu. Mwingine, mwalimu, alitoka Italia hiyohiyo akasafiri mpaka Yerusalemu, akakuta watu wake wameishiwa hata mtu wa kuwazika, akachimba makaburi mwenyewe. Vitabu vyake wanavisoma mpaka leo.

"Huyo wa nyimbo aliacha mke?"

"Sijasoma hivyo."

"Hawaandiki. Na hapa karibu? Makambako hakuna akina Obadia?"

"Wapo. Nawajua watatu. Mmoja anauza mitumba, mmoja mpiga debe, mmoja alishtakiwa kwa betri za malori."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu nifike. Kisha alitikisa kichwa. "Mlinda malango mmoja, na wengine wote viguu na njia. Sitamwekea mjukuu wangu miguu ya namna hiyo. Kama wewe, mjomba. Nyumba hii ina mmoja tayari."

Nilikuwa nimezoea kusemwa, na lilikuwa kweli. Tangu nilipoacha shule sijakaa mahali nikaona mahindi yakipandwa na kuvunwa. Ndiyo maana jina lile lilinivutia. Nilipenda kufikiri kwamba mtu anaweza kutoka nyumba ya mfalme mpaka betri za malori na bado aitwe jina moja. Lakini pale uani, huku kilio kikiendelea, nilianza kuona kwamba nilikuwa nasimulia hadithi kwenye nyumba inayoungua.

Kesho yake asubuhi shemeji alipiga simu. Mama yake aliweka sauti ya nje ili asitoe mkono kwa mtoto.

"Bado analia, Mama?"

"Unamsikia."

Nyuma yake tulisikia nyundo ikigonga ringi ya gurudumu. Kisha akasema, "Mama, mwite baba."

"Unamtaka leo? Hukumjua hata sura."

"Sikumjua. Ndiyo maana. Mwite tu, Mama, nakuomba. Sina mtoto mwingine."

Mama mkwe alizima simu. Kisha alinawa mikono, polepole, mpaka kwenye viwiko kama anayetaka kukanda unga, akachovya kidole, akagusa midomo ya mtoto, akainama. Sisi sote tulilisikia, kwa sababu hakunong'ona. Alisema, "Obadia." Kisha akalirudia.

Mtoto alinyamaza.

Siwezi kueleza utulivu ule. Kuku walisikika, na moto. Mdogo wangu alimpokea, akampa titi, naye akalishika, akakaa nalo mdomoni macho nusu wazi. Jirani wa kike aliyekuwa kwenye ua wa pili alipiga vigelegele bila kuuliza. Mama mkwe aliweka mikono yote miwili usoni, mabega yakawa yanapanda na kushuka. "Kumbe ni wewe," alikuwa anasema. "Kumbe ni wewe, mzee, siku zote hizi."

Aliniamuru nishike jogoo. Nilimshika, nikamchinja, na nilikuwa nanyonyoa manyoya niliposikia mdogo wangu ananiita, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na mwingine.

"Kaka. Hanyonyi."

"Ameshika titi."

"Ameshika tu. Mtazame taya."

Nilitazama. Titi lilikuwa mdomoni na maziwa yalikuwa yanatiririka shavuni yakiingia shingoni. Taya halikusogea. Utosi, ile sehemu laini juu ya kichwa, ulikuwa umevimba kwenda juu, umekaza. Mkono wake mmoja ulishtuka, ukatulia, ukashtuka tena, na shingo, mdogo wangu alipojaribu kuikunja, haikukunjika.

"Mwacheni alale," mama mkwe alisema kutoka uani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. "Amechoka. Amelia sana. Sasa amepata chake."

Mdogo wangu alisimama. Hakubishana. Alijifunga mtoto kifuani kwa kanga, akavaa sweta la mama mkwe lililokuwa kwenye msumari, akatoka, miguu mitupu, akampita mama mkwe bila kumtazama.

"Unakwenda wapi na mjukuu wangu?"

Alikuwa tayari kwenye njia ya kwenda barabarani, anatembea kama anayekimbia. Nami nikamfuata, manyoya ya jogoo bado yamenata mikononi. Nyuma yetu mama mkwe aliita, na hakumwita mkwe wake. Aliita lile jina, mara moja, halafu mara nyingi, likitufuata kwenye ukungu mpaka tukateremka bondeni.

Barabarani hakukuwa na kitu. Tulisimama. Mdogo wangu alikuwa anamtikisa kidogo kidogo, anamwambia, "Lia. Mwanangu, lia tena." Tangu nifike nilikuwa nimetamani kile kilio kikome, na sasa ningetoa chochote nikisikie. Ilikuja kirikuu, gari dogo la mizigo, imejaa viazi, magunia yamepanda kupita kichwa cha dereva. Nilisimama katikati ya barabara. Dereva alitaka kutukana, akaona kanga, akamwambia utingo wake ashuke apande juu na mimi. Mdogo wangu akaingia mbele.

Njia yote ya Njombe nilikuwa juu ya viazi nimeshika kamba, upepo unakata masikio, sijui kama chini yangu kuna mtoto au maiti. Kila dereva alipopunguza mwendo nilijua amepunguza kwa sababu hakuna tena haraka. Utingo aliniuliza mtoto anaitwa nani. Nilimwambia hana jina.

Hospitali, muuguzi alimtoa mikononi mwa mdogo wangu kabla hatujamaliza kueleza. Daktari alikuwa binti mdogo, mfupi, mwenye lafudhi ya kwetu. Alimchoma sindano mgongoni, akatazama maji yaliyotoka, ambayo hayakuwa safi.

"Ni homa ya uti wa mgongo," alisema. "Alianza lini kulia hivyo?"

Tulimwambia.

"Mlikuwa mnampa nini?"

Nikasema mimi. "Tulikuwa tunamtafutia jina. Tulidhani analilia jina."

Nilisubiri matusi. Daktari aliandaa sindano nyingine, akasema bila kututazama, "Bibi yangu angesema hivyohivyo." Kisha akatuambia tutoke.

Mama mkwe alifika jioni kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa sare yake ya kanisa. Alikuta mtoto ana mpira puani na sindano ya dripu kichwani, rangi yake imekuwa ya majivu. Muuguzi alimwambia ukweli, kwamba hajui kama kutakucha naye. Mama mkwe hakulia. Aliomba maji. Muuguzi alidhani ana kiu, akampa chupa yake ya kunywa. Alimimina kidogo kiganjani.

"Mama, mchungaji ndiye anayebatiza," nilimwambia, kwa ujinga wangu.

"Hatari ikiwepo, Mkristo yeyote. Si umesoma, wewe? Sogea."

Alimnyunyizia kichwani, pembeni ya plasta, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na akamwita Obadia mbele ya wazazi wote wa wodi ile, kwa sauti ya kumkabidhi mtu safarini. Kisha akamwomba mdogo wangu msamaha. Alipiga magoti kwenye sakafu. Mdogo wangu alimtazama tu. Hakumwinua, na hakumwambia ainuke. Baadaye muuguzi ndiye aliyemsogezea benchi.

Mtoto hakufa. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwetu ilichukua muda mrefu mno kujua. Alilia tena siku moja asubuhi, kilio kibaya cha njaa, na wodi nzima ikageuka. Tulirudi naye Makambako, akanenepa. Akakaa, akatambaa, akawa anacheka sana, hasa malori yanapopita, kwa sababu ardhi ya pale hutikisika. Tulidhani anapenda ngurumo. Mpaka siku shemeji alipoangusha ringi ya lori kwenye zege nyuma ya mgongo wake, mbwa wakakimbia, mteja akaruka, na mtoto akaendelea kuweka kokoto moja juu ya nyingine. Daktari alisema ugonjwa ule huondoka na kitu, na kwake uliondoka na kusikia.

Mama mkwe amehamia Makambako. Ameacha shamba Mdandu, jambo ambalo watu wa kwao hawalielewi. Amekaa kwenye kigoda mbele ya banda, anamwita. Sisi wengine tumejifunza kumgusa bega, kupiga mguu chini, kupunga mkono. Yeye anajua kama sisi kwamba hasikii, naye anamwita tu, asubuhi mpaka jioni. Wapiga debe wanamtania: "Bibi, Obadia wako amepanda basi la Songea." Anawajibu wawe na adabu, anaita tena. Nadhani hawezi tena kunyamaza. Mdogo wangu wakati mwingine anatoka ndani anamwambia, "Mama, basi," na wakati mwingine anashindwa, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kinachotuua ni barabara. Sasa mtoto anatembea, na anapenda malori. Mtoto mwingine anayeelekea lami unamkemea tu, anasimama. Huyu lazima umfikie. Kila mmoja wetu amewahi kukimbia, shemeji akiwa na spana mkononi, mdogo wangu akiwa na sabuni kichwani, mama mkwe na magoti yake mabovu. Nilikuwa nimepanga kwenda Matamba kwenye msimu wa viazi, begi liko tayari. Niliahirisha kwa wiki, halafu kwa nyingine.

Tulipewa mabanzi kwenye kiwanda cha mbao, yale magome ya pembeni wasiyoyahitaji, tukazungushia ua kuanzia banda mpaka ukuta wa jirani. Tulifanya kazi siku nzima, tukalala. Jana nilikuwa nakunywa chai nikamwona mtoto amekwea ubao wa pili, kidevu kiko juu ya ua, anaitazama barabara.

"Tuongeze mabanzi juu," nilimwambia mdogo wangu nilipomshusha.

"Na yeye akiongezeka?" alisema.

Alikwenda kutafuta misumari.